Kibati Namba Kumi na Tano

Saa kumi na moja jioni Bwana Vibati alivaa mabuti yake ya mpira, akachukua daftari, kalamu ya risasi na kisu cha kupogolea, akafunga mlango wa kituo, akaanza kushuka Bakulini kuhesabu makangaga.

Usicheke. Wako watu wanaolipwa kuhesabu magari barabarani. Yeye alilipwa kuhesabu makangaga, na kwa miaka ishirini na sita hakuwahi kuona aibu, isipokuwa pale wakwe zake walipomuuliza anafanya kazi gani hasa. Hifadhi yenyewe ilikuwa ndogo, kipande cha pwani kilichozungushiwa waya. Mbele matuta ya mchanga, nyuma msitu mfupi, na katikati shimo kubwa la udongo mweusi lenye chemchemi isiyokauka. Shimo hilo ndilo wafanyakazi waliloliita Bakuli. Makangaga yalijiotea humo yenyewe, hakuna aliyeyapanda, mengine yakimfika mtu kiunoni. Bahari ukiwa mle unaisikia, ila huioni.

Na kangaga ni mmea wenye mambo yake. Halitoi ua. Halizai tunda. Ukilipindua jani unakuta safu mbili za vidoa vya kahawia, ukivigusa vinakuachia vumbi kidoleni, basi. Halafu chini ya ardhi mzizi wake unatambaa kimyakimya, unatokeza kichwa hatua tatu mbele, nawe unadhani umeona mmea mwingine kumbe ni uleule.

Sitini kati ya makangaga hayo yalikuwa na vibati, yaani vipande vidogo vya bati vyenye namba, vilivyofungwa kwa waya kwenye shina. Ndiyo maana wakamwita Bwana Vibati. Kila jioni, jua likiwa limelegea, yalitakiwa kukaguliwa moja moja. Kazi hiyo ilifanywa na watu wawili, na ilikuwa na utaratibu wake: mmoja anasoma namba kwa sauti, mwenzake anairudia, kisha anaandika. "Moja!" "Moja, lipo." "Mbili!" "Mbili, lipo." Hivyo mpaka sitini. Mwenzake Bwana Vibati kwa karibu miaka yote hiyo alikuwa Mzee Kamba, mtu mfupi, mbishi, mwenye kukoroma hata akiwa amekaa wima. Waligombana kila siku ya Mungu. Mzee Kamba alipostaafu, bosi wa mjini akasema hakuna fungu la kuajiri mwingine, na Bwana Vibati ataweza peke yake.

Aliweza, ndiyo. Ila siku ya kwanza alipoita "Moja!" na hakuna aliyeirudia, alisimama pale na daftari mkononi kama mtu aliyesahau alichofuata chumbani.

Mwaka huohuo mkewe alikuwa amefariki. Alikuwa fundi cherehani, na cherehani yake aliiweka kwenye baraza ya kituo, palepale ambapo ukikaa unaona njia ya kushukia Bakulini. Homa ya siku sita tu ikamwondoa. Walikuwa na mtoto mmoja, binti, na kwa vile alikuwa wa kwanza na wa mwisho kwa mpigo mmoja, mama yake alimtania kwa kumwita Kitinda, na jina likaganda. Kitinda alikuwa mjini, safari ya siku nzima kwa basi, akifanya kazi ya mapokezi kwenye nyumba ya wageni. Mwanzoni alipiga simu kila Jumapili. Kisha Jumapili moja moja. Kisha ikapita miezi minne kavu. Kila Bwana Vibati alipompigia alijibiwa, "Baba, nitakupigia baadaye kidogo," na hicho kidogo hakikufika.

Sasa ndipo alipofanya kosa lake.

Halikuwa kosa la ubaya. Lilikuwa kosa la mtu anayekula peke yake, anayeongea na redio, anayeosha kikombe kimoja. Kibati kina pande mbili. Upande mmoja una namba, upande wa pili mtupu. Jioni moja alichukua msumari akakwaruza nyuma ya kibati namba kumi na nne, kwenye kangaga kubwa kuliko yote, maneno mawili: *Mama Kitinda*. Akaona raha. Kesho yake akamwandika marehemu mama yake nyuma ya namba tatu. Kaka yake aliyezama akamweka thelathini na moja. Marehemu shangazi yake mwenye mdomo mchafu akamtafutia namba hamsini, kangaga lililokaa peke yake, wasije wakagombana. Akawa anahesabu kwa kuita namba na jina, kama mwalimu anayeita mahudhurio, na yeye mwenyewe akiitikia kwa kila mmoja: "Nipo."

Wiki ya tatu aliita, "Kumi na nne, Mama Kitinda." Akavuta pumzi aitikie.

"Nipo."

Hakuwa amefungua mdomo.

Siku hiyo alipanda mlima wa kutoka Bakulini mbio mpaka mabuti yakamvuka. Alijifungia, akawasha redio, akakaa mgongo ukiwa umegusa ukuta. Lakini kesho yake, wewe unadhani alikwenda wapi? Alishuka. Sauti ilikuwa ya mkewe, hakuna anayeweza kumdanganya kuhusu sauti ile. Alikuwa ameitamani kwa miezi kumi na tisa. Akashuka, akaita, akaitikiwa. Baadaye ikaja na harufu: mafuta ya cherehani na kitambaa kilichopigwa pasi. Matone ya maji kutoka majanini, ambayo zamani yalidondoka ovyoovyo, yakashika mwendo wa mtu anayekanyaga pedeli. Tak-tak-tak-tak. Kisha kimya. Tak-tak-tak. Na ukungu ukikaa vizuri, aliweza kumwona akiwa ameinama, mabega yake yale, uzi mdomoni. Mama yake pia aliitikia. Kaka pia. Shangazi aliitikia kwa kununa, kama kawaida yake.

Aliogopa? Aliogopa sana. Lakini mtu mpweke huzoea haraka, na hakuna aliyemdhuru.

Jumapili moja alimpigia Kitinda, simu ikakatwa kabla haijapokelewa. Bwana Vibati alishuka na uchungu wake, akaona kangaga dogo, changa, karibu na lile la mama yake. Namba kumi na tano. Akatoa msumari, akaandika: *Kitinda*.

"Na wewe ukae hapa," alisema. "Nikuone kila siku."

Alipoliita halikuitika. Jioni ya pili, kimya. Ya tatu, kimya. Wote wanaitika, akifika kumi na tano, kimya kitupu, anaendelea kumi na sita. Akajisemea kwamba huyu binti ni mkaidi kwenye simu na kwenye majani pia, na akacheka peke yake. Ikapita wiki mbili hivyo.

Hayo yote ndiyo yaliyokuwa nyuma ya jioni hii niliyoanza nayo. Alifika Bakulini, ukungu ukiwa umeshatanda mapajani. Hakukuwa na upepo. Akaanza.

"Moja." Hilo halikuwa na jina, akaitika mwenyewe. "Mbili." "Tatu, Mama."

"Nipo, mwanangu."

Akaendelea. Matone yalikuwa yanakwenda kasi leo, bila kupumzika. Tak-tak-tak-tak-tak. Fundi ana haraka, akawaza, kama anamalizia nguo ya harusi.

"Kumi na nne, Mama Kitinda."

"Nipo." Aliitika juu juu, kama mtu mwenye shughuli.

"Kumi na tano, Kitinda."

Alikuwa ameshainua mguu kwenda kumi na sita.

"Nipo, Baba..."

Kalamu ilimdondoka.

Kitu cha kwanza alichokisikia moyoni kilikuwa furaha, na hilo halijamtoka kichwani mpaka leo. Furaha tupu. Akageuka, akamwona. Kitinda alisimama kwenye ukungu, mikono ameinyoosha pembeni, ametulia vile mtoto anavyotulia akipimwa nguo. Mama yake alikuwa amepiga magoti mbele yake, utepe wa kupimia shingoni. Kitinda alitabasamu. Alikuwa amekonda.

"Mwanangu! Umekuja lini?"

Kitinda akakohoa kidogo.

Hapo ndipo akili ikamrudia Bwana Vibati, polepole, ikimpanda kutoka miguuni. Namba tatu ni marehemu. Kumi na nne ni marehemu. Thelathini na moja, marehemu. Hamsini, Shangazi, marehemu.

Wote wanaoitika mahali hapa ni marehemu.

Alipanda ule mlima kwa miguu na mikono. Pale kituoni hakukuwa na mtandao. Ulipatikana sehemu moja tu, juu ya tuta refu la mchanga, ukisimama kwenye jiwe na kuelekeza uso baharini. Akasimama. Kwa haraka alibonyeza namba ya bosi mara mbili kabla ya kuipata ya Kitinda. Simu ikaita... ikaita... ikaita...

"Baba?"

Yu hai. Akakaa chini kwenye mchanga. Kukaa chini kukakata mtandao. Akasimama tena, akapiga tena.

"Baba, kumbe umejuaje? Nimewakataza wasikwambie."

"Wasiniambie nini?"

"Naumwa kidogo." Sauti ilikuwa nyembamba. "Siku ya tano leo. Hospitali wamepima kila kitu hawaoni. Nasikia baridi tu. Nimefunikwa mablanketi matatu, Baba, jua linawaka, na nasikia baridi."

"Unakula?"

"Kila kitu kina ladha ya udongo." Akacheka kidogo, cheko la kuona haya. "Halafu namwota Mama. Kila nikifumba macho. Ananishonea gauni."

Bwana Vibati aliibana simu sikioni.

"Ananipima polepole, unajua alivyokuwa. Juzi alimaliza mgongo. Jana kiuno. Leo mchana nimelala kidogo tu, amenipima kifua. Amebakisha mikono. Anasema usiku huu anamaliza, niwe tayari, nitakwenda nalo." Akavuta pumzi. "Ni gauni zuri, Baba. Rangi ya kijani."

"Kitinda, nisikilize. Usilale."

"Nina usingizi lakini."

"Nakwambia usilale! Kaa kitako. Mwite mwenzako akae na wewe, muongee, muimbe, mpigane, fanyeni chochote. Usifumbe macho mpaka nikupigie. Umesikia?"

"Baba, unanitisha."

"Afadhali nikutishe."

Akakata. Jua lilikuwa limebakiza kama nusu saa. Akampigia Mzee Kamba, ambaye alipokea kwa kulalamika kwamba ndiyo kwanza ameanza kula.

"Mzee Kamba. Vile vibati. Nimeandika majina nyuma."

Upande wa pili kijiko kikawekwa chini.

"Majina ya watu?"

"Ya watu wangu."

"Wewe mtu wewe..." Mzee Kamba alishusha sauti mpaka ikawa mnong'ono. "Ulidhani kwa nini tulikuwa tunaita namba? Ulidhani hatukujua majina ya kuyaita? Namba, bwana! Namba tu! Kitu kile hakina mbegu, hakijui kimetoka kwa nani. Ukikipa jina kinalishika, na kinamtafuta mwenyewe. Akiwa amekufa kinampata karibu. Akiwa hai kinamvuta mpaka afike." Kisha akauliza: "Umeandika aliye hai?"

"Kitinda."

"Yesu na Maria! Pembeni ya nani?"

"Pembeni ya mama yake."

Muda ulikuwa unakwenda.

"Kutoa kibati hakutoshi," alisema Mzee Kamba. "Nenda na kisu. Chimba, utakuta yameshaungana. Kata. Kata kabla giza halijaingia, maana giza ndilo linalotembeza mizizi. Na utakachoombwa usikubali, hata ukiombwa na nani."

"Wewe umeyajuaje haya?"

"Na mimi niliwahi kuandika kibati kimoja," Mzee Kamba akasema. "Nilichelewa kuchimba." Akakata.

Karibu miaka ishirini na mitano walikuwa pamoja, na Bwana Vibati hakuwahi kujua kwamba Mzee Kamba alikuwa na mtoto.

Bakuli lilikuwa limebadilika. Ukungu ulimfika kifuani sasa. Hakuita namba, lakini alipopita karibu na tatu akasikia "Nipo," na mbele kidogo "Nipo," na nyuma yake "Nipo, nipo," sauti zikiwahiana. Hakugeuka. Alihesabu hatua kwa kumbukumbu ya miguu. Machipukizi ya makangaga, yale yaliyojikunja kama ngumi ya mtoto mchanga, yalikuwa yamefunguka kidogo, yote yakiwa yameelekea upande mmoja. Upande aliokuwa anakwenda.

Akapiga magoti kati ya kumi na nne na kumi na tano. Kangaga dogo, lililokuwa halimfiki gotini wiki mbili nyuma, sasa lilikuwa limelingana na la mama yake. Akakata waya wa kibati cha Kitinda, akakitia mfukoni. Akaanza kuchimba kwa mikono.

Udongo ulikuwa na baridi ya kuuma. Akachimba kiganja kimoja. Viwili. Kidole kikagusa kitu.

Mzizi ulikuwa mnene kama kifundo cha mkono, wenye manyoya laini ya kahawia, na ulikuwa umetoka kwenye kangaga la mama moja kwa moja mpaka la mtoto. Haukuwa umepita tu. Ulikuwa umelizunguka lile dogo, mizunguko miwili na nusu, vile mtu anavyofunga kiunoni utepe wa kupimia.

Matone yakanyamaza.

"Baba Kitinda."

Ilikuwa sikioni kabisa. Harufu ya kitambaa kilichopata pasi ikamjaa puani. Hakugeuza shingo.

"Mbona unachimba, Baba Kitinda?"

"Mwache mtoto."

"Mimi sikumchukua." Sauti haikuwa na hasira. Ilikuwa na mshangao, na huo ndio uliomkata maini. "Wewe umeniletea. Umemweka pembeni yangu kwa mkono wako. Nikajua umenionea huruma."

"Nilikosea, mke wangu. Nisamehe. Nilikosea."

"Huku kuna baridi... Mama yako yuko huko na mambo yake. Kaka yako hasemi. Wewe unakuja, unaniita, unaandika, unaondoka. Una redio yako. Mimi nina nani?"

Bwana Vibati alikuwa analia, wala hakujificha, nani angemwona? Maana hayo aliyoyasikia yalikuwa ni maneno yake mwenyewe. Ndiyo aliyokuwa akimwambia Kitinda kichwani kwa miezi minne kila simu isipopokelewa.

"Nichukue mimi," alisema.

Kitu laini kilipita juu ya mkono wake, kutoka kifundoni mpaka kiwiko, kikatulia, kama mtu anayepima urefu.

"Wewe hukujiandika," alinong'ona. "Uliandika wote, ukajiruka. Jiandike basi. Kibati unacho mfukoni. Msumari unao. Jiandike, Baba Kitinda, uje, tukae."

Na akakitoa. Ndiyo, bwana, akakitoa kile kibati mfukoni, akakigeuza upande wenye jina la mtoto, akatafuta msumari kwenye mfuko wa shati. Alikuwa amechoka. Kikombe kimoja kila asubuhi. Kitanda kilichobonyea upande mmoja. Kwa nini asiende, wakakaa? Msumari ukagusa bati chini ya jina la Kitinda. Akaanza herufi ya kwanza.

Hapo akaangalia shimoni. Mzizi ulikuwa unamalizia mzunguko wa tatu.

Haukuwa umemwachia mtoto. Ulikuwa unamsubiri na baba. Angewapata wote wawili, na hakuna ambaye angebaki juu kukata.

"Hapana," alisema. "Mama Kitinda, hapana."

Akaingiza kisu.

Mzizi ulikuwa mgumu kuliko alivyodhani. Ilibidi akate kwa kuvuta na kurudisha, kuvuta na kurudisha, huku mkono wa kushoto ukiwa umeushika usikwepe, na ulikuwa na joto. Alisikia mkewe akisema jina lake. Siyo Baba Kitinda. Jina lake lenyewe, lile ambalo alimwita walipokuwa vijana na hawajapata mtoto, ambalo hakuna mtu mwingine duniani aliyebaki kuliita. Akaendelea kukata. Kisu kikafika upande wa pili.

"Aa," alisema yule mwanamke, taratibu, kama mshonaji aliyejichoma sindano.

Basi. Harufu ikaondoka. Makangaga yakawa makangaga. Bwana Vibati aling'oa lile dogo na mizunguko yake, akalibeba begani mpaka kwenye matuta, akalichoma moto kwa mafuta ya taa, na likachukua muda mrefu kushika.

Alipopanda juu ya jiwe kulikuwa kumeshaingia giza. Kitinda alipokea mlio wa kwanza.

"Baba, nimelala kidogo, nisamehe, nimeshindwa. Lakini nimeamka natoka jasho. Nimetupa mablanketi. Baba, nina njaa!"

"Mama yako?"

"Nimemwona mara moja tu. Alikuwa amekaa na ile nguo magotini, anaifumua."

Vibati vyote vyenye majina alivitoa kesho yake, akaweka vipya, namba mbele, nyuma hakuna kitu. Hakuitikiwa tena. Aliacha hata kusoma namba kwa sauti. Anazisoma moyoni, anaandika, anapanda. Mzee Kamba alipopigiwa alisema neno moja tu la kuongeza: mzizi uliokatwa haufi, unatafuta ulikokatwa, kwa hiyo yule mtoto asikanyage ardhi ile maisha yake yote. Na ni kweli, mwezi haukuisha, kangaga likatokeza nje ya Bakuli, nusu ya mlima. Halafu moja karibu na tangi la maji. Halafu chipukizi dogo, limejikunja, kwenye ufa wa saruji ndani ya chumba alichokuwa akilala Kitinda wakati wa likizo za shule. Kila asubuhi Bwana Vibati anapita na kisu chake anayakata. Amebakiza miezi kumi na mmoja astaafu. Bosi amempigia kumwambia anaweza kuondoka mapema akitaka, na kituo kitafungwa. Amekataa. Bosi anadhani anapenda kazi.

Na Kitinda? Kitinda amepona kabisa, amenenepa. Tena ugonjwa ule umemfunza. Sasa anapiga simu kila siku. Kila siku! Bwana Vibati anapanda kwenye jiwe lake saa kumi na moja na nusu, akishamaliza kuhesabu, anasimama na uso baharini, na simu inalia. Wanaongea habari za wageni walevi, za bei ya viatu, za chochote. Ni nusu saa ambayo anaingoja tangu anapoamka.

Jumapili iliyopita Kitinda alisema, "Baba, nina habari nzuri. Nimepata likizo ya wiki mbili. Nakuja!"

Jamani. Miaka miwili alikuwa akiisubiri sentensi hiyo. Alikuwa ameiota.

"Usije," alisema.

"Eti?"

"Usije, mwanangu. Kazi ni nyingi. Chumba chako kinavuja."

"Nitalala barazani. Baba, nimekukumbuka."

"Nimesema usije."

Alimsikia akimeza mate. Hivyo ndivyo alivyomeza mate kila akitaka kulia, tangu akiwa mdogo. Alitaka kumwambia yote. Lakini angemwambia, angekuja siku hiyohiyo, maana ni mtoto wa mama yake, haambiliki.

"Sawa, Baba," alisema Kitinda. "Ila sikuelewi. Kama hunitaki, mbona unaniita?"

"Nakuita wapi?"

"Kila jioni, baada ya kukata simu. Jua likizama. Niko kazini, niko barabarani, nasikia sauti yako kabisa. *Kumi na tano, Kitinda.* Nikajua umenikumbuka. Ndiyo maana nikaomba likizo."

Chini ya tuta, upande wa Bakulini, ukungu ulikuwa umeanza kupanda.

"Umeitika?"

"Bado. Naona haya, niko mbele za watu. Kwani vipi?"

"Usiitike. Kitinda, niapie. Ukisikia sauti yangu inakuita, usiitike kamwe."

"Si sauti yako lakini? Sasa siku ukiniita kweli, Baba, nitakujuaje?"

Alifikiri. Simu ilikuwa imebakiza chaji kidogo, na binti yake alikuwa anangoja. Nyuma ya msitu jua lilianza kuzama.